Mama Hakuwa Kwenye Hesabu

Ukipanda matatu za Thika Road, mkikaribia Muthaiga makanga huuliza kama kuna mtu wa kushuka Mathari. Mara nyingi hakuna anayejibu haraka, hata kama yupo. Kuna kicheko kidogo kwanza. Mtu wa kiti cha nyuma anamwambia rafiki yake, "Si ushuke, umefika kwenu." Gari zima linacheka, makanga anapiga bodi, tunaenda.

Mwezi wa tano 2019 nilikuwa nimekaa na mama yangu kwenye gari kama hiyo. Makanga akauliza, watu wakacheka. Mama akainama akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Hakukuwa na chochote alichokuwa akitafuta. Alikuwa na miaka 51, alikuwa hajalala usiku mzima kwa karibu miezi minane, na ndani ya mkoba huo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne inayosema aende kliniki ya afya ya akili. Hatukuwa tunashuka Mathari. Tulikuwa tunaenda hospitali nyingine, mbele huko. Lakini alijificha mpaka tukapita.

Baadaye nilianza kusoma historia ya hospitali ile, kwa hasira zaidi kuliko kwa udadisi. Nilitaka kujua jina la mahali pa matibabu liligeuka vipi kuwa tusi. Nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia: kwa miaka mingi madaktari waliosimamia Mathari wakati wa ukoloni waliandika kwamba ugonjwa aliokuwa nao mama yangu, Mwafrika haugui. Au akiugua, ni mara chache mno.

Mama amenipa ruhusa kuandika haya. Sharti lake ni nisitaje jina lake, na nisimfanye aonekane wa kuhurumiwa.

*

Mama huuza nguo za watoto za mtumba pale Gikomba. Kama umekaa Nairobi unajua habari ya moto wa Gikomba. Ule wa tarehe 28 Juni 2018 ulianza usiku na ukaua watu 15. Mama alikuwa nyumbani, lakini kibanda chake kiliisha chote, pamoja na bale mbili alizokuwa amenunua wiki hiyo. Moja alikuwa bado anailipia.

Wiki za kwanza alikuwa sawa, au sisi tulidhani hivyo. Alikopa kwenye chama, akanunua mbao na mabati, akarudi sokoni. Watu walimsifu. Mwezi wa tisa ndio akaanza kuamka saa tisa usiku. Akiamka, halali tena. Alisema kichwa kinawaka moto, halafu kuna kitu kinatembea ndani kama siafu. Moyo ulimdunda akipanda ngazi. Chakula aliona hakina ladha. Akaanza kusahau bei, na Gikomba ukisahau bei umekwisha.

Tukaanza safari za kliniki. Ya kwanza ilisema malaria. Ya pili taifodi, akadungwa sindano siku tano. Ya tatu vidonda vya tumbo. Ya nne walisema presha imepanda kidogo, apunguze chumvi na mawazo. Kila mahali walipima kitu kimoja, wakatoa dawa ya kitu hicho, tukalipa, tukaenda. Kanisani akaombewa. Shangazi yangu alikuwa na uhakika kwamba jirani wa kibanda amemfanyia kitu. Mimi, kijana wa kisasa, nilifungua simu usiku na kuamua ni kansa.

Mama mwenyewe alikuwa na jina la kile anachohisi. Alisema kwa Kikuyu ana *meciria maingi*, mawazo mengi. Alimwambia hivyo daktari wa kliniki ya tatu. Daktari akacheka kidogo, kwa upole, akasema, "Sasa mama, nani hana mawazo kwa hii Kenya?" Akaandika dawa za tumbo.

Hapo naomba turudi nyuma kidogo.

*

Mathari ilifunguliwa 1910, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwanzoni haikuitwa hospitali. Ilikuwa nyumba ya kuwaweka watu ambao serikali iliwaita vichaa, na sababu kubwa ya kuwaweka ilikuwa kuwaondoa barabarani. Jina la Mathari lilikuja 1924. Wazungu walikuwa na sehemu yao, Wahindi yao, Waafrika yao, na unaweza kubahatisha ni sehemu gani iliyojaa kupita kiasi.

Swali muhimu ni nani alikuwa anapelekwa kule. Kwa Waafrika, njia ya kuingia mara nyingi ilikuwa polisi, mahakama au ofisi ya DC. Ulipelekwa ukiwa umepiga mtu, umevua nguo sokoni, umechoma nyumba, au umemzungumzia mwajiri wako kwa namna iliyomtisha. Aliyekaa kimya jikoni bila kula, akiamka saa tisa usiku na kutazama giza, hakuna polisi aliyemfuata. Kwa hiyo hakuingia kwenye daftari.

Madaktari wa pale walitumia madaftari hayo kueleza akili ya Mwafrika ilivyo. Miaka ya 1930, H. L. Gordon, aliyefanya kazi Mathari, alikuwa akihubiri kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Mwaka 1933 aliisaidia jumuiya ya walowezi iliyoanzishwa hapa Kenya kwa ajili ya kile walichokiita kuboresha mbari ya wanadamu. Mwaka 1938 hospitali ikakabidhiwa J. C. Carothers. Alikuwa amefika Kenya 1929 kama daktari wa serikali. Alipoanza kusimamia Mathari hakuwa na mafunzo rasmi ya magonjwa ya akili. Hayo aliyapata baadaye Uingereza. Alikaa Mathari mpaka 1950.

Carothers hakuwa mpiga kelele kama Gordon. Aliandika kwa utulivu, na ndiyo sababu alisikilizwa. Mwaka 1947 alichapisha utafiti juu ya Waafrika waliolazwa Mathari. Aliona kwamba sonona, ile tunayoita depresheni mtaani, ilikuwa adimu sana miongoni mwao. Badala ya kuuliza kama wagonjwa wa sonona walikuwa wanafikishwa hospitali, alitafuta sababu ndani ya Mwafrika. Akasema Mwafrika hajijengei wajibu binafsi, hajilaumu. Mabaya yote huyatupa nje, kwa wachawi na mizimu, kwa hiyo hana kitu cha kumlemea moyoni. Mwaka 1951 akaenda mbali zaidi: akalinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Kwa hiyo maoni yaliyotoka kwenye wodi zilizojaa za Thika Road yakawa elimu ya dunia. Frantz Fanon, ambaye mwaka huohuo alianza kazi ya udaktari wa akili kule Blida, Algeria, alikuja kumtaja Carothers kwenye kitabu chake cha mwisho cha 1961, kama mfano wa sayansi iliyokuwa ikifanya kazi ya serikali.

Nilipoyasoma haya nilimkumbuka yule daktari wa kliniki ya tatu. Sisemi alikuwa amesoma Carothers. Pengine hajawahi kulisikia jina hilo. Lakini aliposema nani hana mawazo, alikuwa anafanya jambo lilelile: kuusikia ugonjwa na kuuita hali ya kawaida ya watu wetu.

*

Karatasi ya rufaa tuliipata kwa bahati. Siku moja mama alizimia kidogo kwenye foleni ya hospitali ya serikali, na daktari kijana wa zamu akamuuliza maswali mawili ya ziada. Ndivyo tulivyofika kwa sista.

Alikuwa muuguzi aliyesomea afya ya akili, mwanamke wa makamo kama mama, na chumba chake kilikuwa na meza moja na viti vitatu visivyolingana. Alimsalimia mama, akamuuliza ametoka wapi na kama amekunywa chai. Halafu akaniangalia.

"Wewe ni msichana wake?"

"Ndiyo, sista."

"Utatupisha kidogo. Nitakuita."

Mama akasema, "Wacha maitu akae." Huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Sista akatabasamu. "Atarudi. Kuna mambo mzazi hasemi mbele ya mtoto."

Nilikaa nje zaidi ya saa moja. Maswali yenyewe niliyajua baadaye, mama aliponisimulia. Unaamka saa ngapi? Ukiamka unawaza nini cha kwanza? Nyumbani mko wangapi na nani analisha nani? Una deni la nani? Baba watoto yuko wapi? Ulimpoteza nani miaka hii? Unakunywa dawa gani, hata za miti shamba? Pombe? Kuna mtu kwenu aliyewahi kuugua hivi? Kanisani wanasemaje?

Halafu akauliza, "Hedhi yako iko aje siku hizi?"

Mama hakuwa amemwambia mtu. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akitokwa damu siku kumi, wakati mwingine kumi na mbili, mpaka anabeba nguo za kubadilisha sokoni. Alidhani ni umri. Wanawake wa makamo sokoni huambiana hivyo: ni umri, itakatika. Kliniki nne hazikuuliza.

Sista hakuandika dawa ya akili siku ile. Aliandika vipimo: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, virusi, na picha ya tumbo. Aliponiita ndani alinieleza kwa nini. Tezi ya shingo ikizembea, mtu huchoka, hupoa, huhuzunika, na ukimpa dawa za huzuni peke yake utamzungusha miaka. Damu ikipungua, moyo hudunda, kichwa huwa chepesi, mtu hasahau bei kwa kupenda. Huwezi kusema ni akili kabla hujautazama mwili. Akaongeza, "Na ukikuta kitu mwilini, usiseme basi akili iko sawa. Vyote viwili hukaa pamoja."

Tezi ilikuwa sawa, sukari pia. Damu ya mama ilikuwa 7, na mwanamke wa kawaida anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, ule usio wa kansa, faibroidi. Kumbe alikuwa akipanda ngazi za Gikomba na mabale akiwa na karibu nusu ya damu anayohitaji.

Lakini damu peke yake haikueleza yote. Haikueleza kwa nini kila saa tisa usiku mama alikuwa akihesabu madeni na kufikia jibu moja: kwamba watoto wake wangekuwa afadhali bila yeye.

Hilo alilisema siku ya kwanza, kwa sababu sista aliuliza waziwazi. "Mama, umewahi kufika mahali pa kutotaka kuishi?" Mama anasema alinyamaza sana. Aliogopa polisi. Wakati ule kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa bado kinahesabu jaribio la kujiua kama kosa la kushtakiwa. Mama hakuwa amejaribu chochote, alikuwa na wazo tu, lakini nani sokoni anajua tofauti hiyo? Sista akamwambia hajafanya kosa, kwamba wazo hilo ni dalili ya ugonjwa kama homa ilivyo dalili, na kwamba amefanya vizuri kulitaja. Kuanzia usiku ule nililala chumba kimoja na mama. Dawa zote za nyumba nilizitunza mimi.

*

Kumbe kuna watu waliowahi kwenda kutafuta huzuni ya Mwafrika mahali ilipo, badala ya kuisubiri wodini.

Margaret Field alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya utafiti wa jamii kule Gold Coast, Ghana ya leo, tangu miaka ya 1930, kisha akasomea udaktari na kurudi. Miaka ya 1950 alikwenda kukaa kwenye madhabahu za mashambani katika nchi ya Ashanti, ambako watu wenye shida walikuja kuomba msaada. Alisikiliza malalamiko yao na kuandika. Kitabu chake kilitoka 1960. Alikuta kwamba sonona ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa akili wa kawaida zaidi kwa wanawake wa vijijini kule. Na walifika madhabahuni wakijishtaki wenyewe. Walisema wao ni wachawi, wamewaua watoto, wameharibu nyumba.

Soma tena nadharia ya Carothers ukiwa na hilo akilini. Alisema Mwafrika hajilaumu. Field aliwakuta wanawake waliojilaumu mpaka wakajiita wachawi. Wengi walikuwa watu wazima waliofanya kazi miaka na miaka, wakalea, wakajenga, halafu maisha yakawageuka. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeonekana kwenye daftari la hospitali kubwa, kwa sababu hawakusumbua mtu.

Mtu wa pili ni Thomas Adeoye Lambo. Alizaliwa Abeokuta, Nigeria, 1923, akasomea udaktari Birmingham, na aliporudi alipewa kazi Aro, nje ya mji wake wa nyumbani. Mwaka 1954 hospitali ilikuwa haijakamilika kujengwa. Lambo akafanya jambo la ajabu kwa wakati ule: akazungumza na wenyeji wa vijiji vilivyozunguka, wagonjwa wakapangishiwa vyumba humo, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumpikia na kukaa naye. Asubuhi wanakuja kliniki kwa matibabu, jioni wanarudi kijijini, wanalima, wanasali, wanakwenda ngomani. Wenyeji wakapata kodi. Waganga wa jadi aliwaita wafanye kazi naye, kwa sababu walijua mambo ya familia ambayo daktari hakuyajua.

Watu hupenda kusimulia Aro kama ushindi wa mila dhidi ya hospitali. Si hivyo. Lambo alitumia dawa zilezile zilizotumika Ulaya, pamoja na zile mpya zilizoanza baada ya majaribio ya Paris ya 1952, na tiba ya umeme pia. Alichokataa ni kumtibu mtu akiwa amekatwa na kila kitu kinachomfanya kuwa mtu. Baadaye yeye na timu ya Alexander Leighton kutoka Chuo Kikuu cha Cornell walizunguka vijiji vya Wayoruba wakihoji watu wa kawaida, na matokeo yao yalitoka 1963. Wayoruba hawakuwa na neno moja la sonona, lakini dalili zake walizijua vizuri na walikuwa nazo kwa wingi.

Shirika lilelile lililomchapisha Carothers 1953 lilikuja kumfanya Lambo kuwa naibu mkurugenzi mkuu miaka ya 1970. Mwaka 1977 daktari Mmarekani, George Engel, akaandika makala maarufu akitaka tiba iutazame mwili, akili na jamii kwa pamoja. Vyuoni makala hiyo ndiyo hufundishwa kama mwanzo wa wazo hilo. Aro ilikuwa na zaidi ya miaka 20 ikifanya kazi.

*

Mpango wa sista kwa mama uliandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule, na bado ninao.

Vidonge vya kuongeza damu. Rufaa kwa daktari wa wanawake kuhusu uvimbe. Fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi, na onyo kwamba itachukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti, na asiiache ghafla akijisikia poa. Kikao kila wiki. Kutembea nusu saa jioni kabla giza halijaingia. Kisha kulikuwa na vitu ambavyo sikuwa nimewahi kuona kwenye karatasi ya hospitali: "Aongee na mwenyekiti wa chama kuhusu deni." "Maombi aendelee nayo. Pasta aambiwe dawa zisisimamishwe."

Chama kilimpa miezi sita zaidi. Mwenyekiti alisema tu, "Kwani ungesema mapema tungekukula?" Pasta alikuwa mgumu kidogo, lakini mama alimwonyesha matokeo ya damu, na namba 7 ilimnyamazisha.

Kikao cha tatu sista aliuliza habari za shosho. Mama yako alikuwa mtu wa namna gani? Ukilia utotoni alikufanya nini?

Shosho wetu alikuwa na kama miaka kumi wakati wa Hali ya Hatari, kule Murang'a. Familia yake ilitolewa kwenye boma lao ikapelekwa kijiji chenye handaki na ulinzi. Alipokuwa hai hakutusimulia hata mara moja. Tuliyajua kwa dada yake, kwenye matanga yake. Kwamba nyumba yao ilichomwa wakiiangalia. Kwamba mama yao alichimba handaki siku nzima, na muda wa kwenda shambani ulikuwa mfupi hata chakula hakikutosha. Kwamba walikuwa na kaka mdogo, na aliishia huko. Sisi tulichokijua ni kwamba shosho aliweka mahindi chini ya kitanda mpaka alipokufa, na kwamba hakuvumilia kilio ndani ya nyumba yake. Mama alijifunza kulia bila sauti, halafu akajifunza kutolia.

Zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya walihamishwa hivyo, kwenye vijiji zaidi ya 800, kati ya 1954 na 1955. Na hapa jina la Carothers linarudi. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimwita aichunguze Mau Mau kama daktari. Ripoti yake ilichapishwa Nairobi mwaka huohuo. Kiini cha vita alikiweka kwenye akili za Wakikuyu waliopoteza mila za zamani bila kushika za kisasa, zaidi kuliko kwenye ardhi waliyonyang'anywa. Na mpango wa kuwakusanya watu vijijini aliuunga mkono. Huyu ndiye aliyekuwa ameandika kwamba watu hawa hawana huzuni ya ndani.

Sisemi kijiji cha 1954 ndicho kilichomgonjesha mama 2018. Sista hakusema hivyo. Alisema moto, deni, damu na usingizi vilitosha. Alichotaka kujua ni kwa nini mama alikaa miezi minane bila kumwambia mtu. Jibu la swali hilo lilikuwa refu kuliko moto.

*

Wiki ya tano mama alilala mpaka saa kumi na moja alfajiri. Aliniamsha kuniambia. Uvimbe ulitolewa mwishoni mwa mwaka, damu ikapanda, na dawa alizitumia zaidi ya mwaka kabla ya kupunguziwa polepole. Mwaka 2021, soko likiwa limelegea baada ya korona, ile saa tisa ilirudi. Safari hii hakungoja miezi minane. Alipanda matatu peke yake wiki ya pili, akarudi kwa sista.

Nchi nayo imesogea, kwa mwendo wake. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ya 1989 ikafanyiwa marekebisho. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 kinakiuka katiba. Nilimsomea mama habari hiyo kutoka kwenye simu. Akauliza, "Kwa hivyo sasa mtu anaweza kumjibu daktari ukweli?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukunja nguo.

Kwenye matatu bado huinama tukifika Mathari. Nimeacha kumwambia asiiname. Lakini pale sokoni ameanza tabia mpya. Mwanamke wa rika lake akimwambia amechoka, kichwa kinawaka, ni umri, mama humvuta pembeni, humpa kigoda, na kumuuliza, "Wewe huamka saa ngapi?" Halafu anauliza kuhusu hedhi, bila aibu, kama anauliza bei ya bale.

Alhamisi iliyopita mmoja wao alikubali kwenda. Anauza mapazia, vibanda vitatu kutoka kwa mama. Mama alimwambia abebe karatasi zote za kliniki alizopitia, hata zilizochakaa, na akafunga kibanda mapema ili amsindikize.